Misumeno ya Moto ya Iringa na Mbeya, na Mikarafuu Yetu Mikavu



Mtakumbuka kuwa katika mkutano wetu uliopita lilizuka swali ambalo halikupata jawabu. Hii mikarafuu mikavu iliyosimama mashambani mwetu kama mifupa, tuiangusheje? Wako waliosema tuendelee na shoka kama walivyofanya wazee wetu. Wako waliosema Chama kinunue msumeno wa moto, tena si mmoja, miwili. Maneno yakawa mengi, na mwisho Kamati ikaona ni afadhali aende mtu akaangalie kule ambako watu wanaishi kwa misumeno hiyo, kisha aje aeleze. Mtu huyo nimekuwa mimi, na niliyoyaona Iringa na Mbeya ndiyo nitakayoyaeleza hapa, ili siku ya mkutano tusije tukagombana kwa jambo tusilolijua.

Safari yenyewe sina haja ya kuirefusha. Ukishavuka bahari na kufika Dar es Salaam ni basi tu, kutwa nzima, kupita Morogoro na mbuga ya Mikumi, kisha kupanda mlima Kitonga, ambako gari hutambaa kama kobe na abiria huacha mazungumzo. Ukishamaliza kupanda umeingia nchi nyingine. Mji wa Iringa uko kiasi cha mita 1,600 juu ya bahari, na Mafinga, mwendo wa kilomita 80 mbele yake, uko juu zaidi, karibu mita 1,900. Mwanachama anayedhani kuwa baridi ni ile ya alfajiri zetu za kipupwe, na aende Mafinga mwezi wa Julai akalale usiku mmoja bila ya blanketi la pili. Kule nyumba haikosi moto wa kuota, na nyumba isiyokosa moto haikosi kuni. Hapo ndipo khabari yetu inapoanzia.

Kwanza mjue kuwa pande zile mti ni zao la shamba, kama karafuu kwetu. Shamba la Miti la Sao Hill, lililo wilaya ya Mufindi, ndilo kubwa kuliko yote ya Serikali katika Tanzania. Eneo lake linazidi hekta 130,000, ingawa si lote lililopandwa miti. Majaribio ya kwanza yalifanywa mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukaja baadaye, hasa miaka ya 1970. Mti unaotawala ni mpaina, ambao kwao asili ni Mexico, na pembeni yake milingoti. Huko Njombe, ambako hadi mwaka 2012 palikuwa ndani ya mkoa wa Iringa, iko kampuni iliyoanza mwaka 1949 kupanda miwati kwa ajili ya magamba yake, ambayo hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Magamba yakishabanduliwa, mti uliobaki huwa kuni na makaa. Upande wa Mbeya liko shamba la Kawetire juu ya mji, na jingine la Kiwira, huko Rungwe. Na mbali ya mashamba ya Serikali, wenyeji wenyewe hupanda. Mtu ana eka mbili za mipaina nyuma ya nyumba, huingoja miaka kumi na minane, ishirini, kisha huiuza akasomesha mtoto au akaezeka bati. Nilipowaambia kuwa sisi hungoja mkarafuu miaka sita hivi ndipo uanze kuzaa, walituonea wivu. Nilipowaambia kuwa kila zao lataka mtu apande juu ya mti na kuchuma kikonyo kwa kikonyo, wivu ukawatoka.

Wanunuzi wa miti hiyo ni wengi. Kiko kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichofunguliwa mwaka 1985. Viko viwanda vya chai vya Mufindi na Rungwe, ambavyo hukausha majani ya chai kwa moto wa kuni. Wako wakulima wa tumbaku wa Iringa na Chunya, ambao mabani yao ya kukaushia hula kuni mchana na usiku kwa siku kadhaa mfululizo. (Hapa nilimshukuru Mola aliyetupa jua na jamvi.) Ziko nguzo za umeme. Viko viwanda vidogo vya kupasulia mbao, ambavyo wenyeji huviita dingdong, na ukipita Mafinga asubuhi husikii kitu kingine. Mabanzi yanayobaki hapo hufungwa mizigo na kuuzwa kwa akina mama wa mama lishe. Ukijumlisha haya yote utaelewa kwa nini msumeno wa moto kule si kitu cha kushangaza watoto, bali ni chombo cha kazi kama jembe.

Wao hawauiti msumeno wa moto. Huuita chensoo. Asili yake ni ya ajabu kidogo, na naieleza kwa kuwa mwanachama mmoja aliniuliza kabla sijaondoka. Mnyororo wenye meno ulianzia mikononi mwa matabibu, haukuanzia kwa wakata miti. Mwishoni mwa karne ya 18 waganga wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walitumia kijinyororo cha meno kinachovutwa kwa mkono kukatia mfupa, na moja ya kazi zake ilikuwa kumsaidia mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Mnyororo wa kukatia miti kwa mashine ulikuja baadaye sana. Mjerumani Andreas Stihl alitoa msumeno wa umeme mwaka 1926 na wa petroli mwaka 1929, na kila mmoja ulikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 40, hata ulihitaji watu wawili kuushika. Ilikuwa karibu mwaka 1950 ndipo ilipopatikana mashine ya kushikwa na mtu mmoja. Na meno ya mnyororo wa leo yametokana na mdudu. Mkata miti mmoja wa Oregon huko Marekani, Joseph Cox, alimtazama funza anayetoboa gogo, akaona kuwa taya zake zinakata kushoto na kulia kwa zamu, akatengeneza mnyororo wa mfano huo mwaka 1947. Mafundi wa Mafinga wengi hawaijui hadithi hii, lakini niliposimulia, mmoja wao, mzee wa Kihehe, alisema papo hapo, "Basi ndiyo maana unakula kama bungua." Bungua ni yule mdudu wa mbao, nasi twamjua vyema sana.

Sasa nije kwa watu wenyewe. Jumamosi alasiri, kazi za msituni zikishapungua, wenye mashine hukusanyika kwenye baraza za mafundi. Mimi nilipelekwa kwenye baraza moja ya Mafinga, na baadaye nyingine Mbeya mjini, karibu na soko la Mwanjelwa. Ukifika Mafinga unaamkiwa "Kamwene," nawe hujibu vivyo hivyo. Mara moja unakuwa mnyalukolo, yaani ndugu, unapewa kigoda, na unaletewa chai. (Upo pia ulanzi, pombe yao ya mianzi, lakini huo haukunihusu.) Chini umetandikwa mfuko wa mbolea uliochanwa, na juu yake mashine imefunguliwa kama kuku aliyechinjwa, silinda huku, pistoni huku, na zile springi ndogondogo ndani ya kifuniko cha chupa zisipotee. Kila mtu ana la kusema. Huyu asema mnyororo wake una kelele, yule asema yake inawaka ikiwa baridi na kuzima ikishapata moto, mwingine amekuja hana ubovu wowote, amekuja kuisikiliza ya mwenzake. Naam, kuisikiliza. Fundi hufumba macho, akavuta kamba, akaiacha mashine ingurume, kisha akasema, "Hii inavuta hewa pembeni, gasketi imepasuka." Wakaifungua, na ikawa kweli.

Mashine wanayoipenda kupita zote ni ile kongwe ya Stihl, namba 070, yenye injini ya sentimita za ujazo 106. Ni nzito, yatikisa mikono, haina maringo, na fundi yeyote anaweza kuitengeneza chini ya mti kwa spana na bisibisi. Zipo pia za Husqvarna, ambazo vijana huzisifu kwa wepesi. Na zipo za Kichina zinazofanana na hizo kwa sura na rangi, hata jina huandikwa karibu sawa. Niliuliza zina ubaya gani. Fundi hakuzitukana, alinionyesha tu pistoni mbili, moja ya asili na moja ya kuiga, akaniachia nizipime mkononi mwenyewe. Kisha akanambia neno la haki, kwamba mtu maskini akinunua ya Kichina akaitunza, itamfaa kuliko tajiri mwenye ya asili asiyenoa mnyororo.

Katika yote waliyonifunza, liko moja ambalo nataka kila mwanachama alishike, kwa sababu lingeweza kutupotezea fedha zetu siku ya kwanza. Baadhi yetu walisema tununue mashine zilizotumika kutoka Bara, kwa kuwa ni rahisi. Sikilizeni basi. Hewa ya Mafinga ni nyepesi, kwa vile nchi iko juu. Injini ya msumeno huvuta hewa na petroli kwa pamoja kupitia kabureta. Penye hewa nyepesi, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, na injini hutoa moshi, plagi hupata masizi, na nguvu hupungua karibu moja ya tano. Kwa hiyo fundi wa kule hukaza skrubu ya kabureta apunguze petroli, na mashine ikapata raha. Sasa ichukue mashine hiyo hiyo, ishuke Kitonga, ivuke bahari, uiwashe Pemba. Hewa yetu ni nzito. Petroli iliyopunguzwa kule inakuwa haba huku, na kwa kuwa oili ya kulainisha pistoni imo ndani ya petroli hiyo hiyo, nayo inakuwa haba. Mashine italia kwa sauti kali ya kupendeza, mtu atadhani ina nguvu mpya, na baada ya muda mfupi pistoni itashika silinda na kukwama. Fundi aliniambia ameona mashine za namna hiyo zikirudishwa kwake kutoka pwani, na wenyewe wakimlaumu. Dawa yake ni kuifungua skrubu ya mwendo mkubwa kabla ya kukata kitu chochote, kisha kuitazama plagi baada ya kazi. Ikiwa nyeupe, petroli ni haba. Ikiwa nyeusi yenye masizi, imezidi. Ikiwa na rangi ya kahawia kama buni iliyokaangwa vyema, ndiyo yenyewe. Mashine mpya nyingine hujirekebisha zenyewe, lakini hizo bei yake ni ya juu.

Kuhusu mchanganyiko wa mafuta, hapa wengi huharibu. Injini hii haina sehemu ya kutilia oili peke yake kama ya gari, hivyo oili hutiwa ndani ya petroli. Kwa oili nzuri iliyotengenezwa kwa injini za namna hii, kipimo ni moja kwa hamsini, maana yake mililita 20 kwa lita moja ya petroli, au mililita 100 kwa lita tano. Kwa oili ya kawaida, moja kwa ishirini na tano. Nimeona mtu akikadiria kwa macho, na nimeona kijana wa Mwanjelwa akipima kwa bomba la sindano la hospitali, la mililita 20, moja kwa kila lita. Yule kijana mashine yake ina miaka mingi na haijafunguliwa silinda.

Mnyororo nao unataka mafuta yake mbali. Kule wengi hutumia oili chafu iliyotolewa kwenye magari, kwa sababu ni ya bure. Mafundi wazuri hawaipendi, kwani ina vumbi la chuma linalokula pampu, na kila tone linalorushwa huishia ardhini. Kwa mashamba yetu, ambayo visima viko chini ya mikarafuu, mimi nasema oili chafu isitumike kabisa. Mafuta ya kula yafaa kwa kazi fupi, mradi mashine isafishwe isiachwe nayo ikagandamana. Nilitaja mafuta ya nazi, wakacheka sana, maana kule asubuhi yangekuwa jiwe ndani ya tangi.

Kunoa ndiyo elimu kubwa kuliko zote, na ndiyo inayopendwa. Wazee wa baraza hushindana kwa kunoa kama wengine wanavyoshindana kwa bao. Tupa ni ya duara, na unene wake hufuata mnyororo. Kwa mnyororo wa kipimo cha tatu juu ya nane, tupa ya milimita 5.2. Hupigwa kwa kusukumwa mbele tu, hairudishwi nyuma ikigusa jino, na kila jino lipate idadi ile ile ya mapigo, tatu au nne, kwa pembe ya nyuzi 30. Ukinoa meno ya kulia kuliko ya kushoto, msumeno utakwenda upande na mkato utapinda kama ndizi. Mbele ya kila jino kiko kinundu kidogo ambacho ndicho kinachopima jino lile ng'ate kiasi gani. Asiyejua hukipunguza sana apate kasi, na mashine ikaanza kurukaruka mkononi mwake. Alama ya kuwa mnyororo ni mkali ni taka zake. Ukitoa vipande vipande vya mti, ni mkali. Ukitoa unga, ni butu, na mtu anayeulazimisha msumeno butu kwa nguvu za mikono ndiye anayeumia.

Niliona kazi moja ya kuni ambayo bado naikumbuka. Kijiji kimoja cha Mufindi palikuwa na msiba. Katika baridi ile waombolezaji hulala nje kwa siku kadhaa, na moto hauzimwi, na vyungu ni vikubwa. Zamani vijana waliamka na mashoka tangu alfajiri. Siku hiyo walikuja watu wanne na chensoo zao, hawakuitwa na mtu wala hawakulipwa, kila mmoja na petroli yake. Wakapewa mlingoti uliokwisha kuanguka na mabanzi ya mipaina. Walikata magogo ya urefu wa mkono, wengine wakichanja kwa shoka nyuma yao, na akina mama wakibeba. Baada ya saa mbili rundo lilikuwa juu kuliko mlango. Kisha wakazima wote kwa pamoja, wakavua kofia, wakaenda kumpa mkono mfiwa. Petroli ile ndiyo ilikuwa rambirambi yao. Nasi huku kwenye shughuli zetu twajua kuni zilivyo tabu, hasa wakati wa masika.

Lakini nisiwapambie jambo. Kwenye baraza ile ile ya Mafinga, katika wanaume kumi na mmoja niliowahesabu, watatu walikuwa na alama za mnyororo mwilini. Mmoja hana vidole viwili vya mguu wa kushoto, maana siku hiyo alikuwa amevaa kandambili. Mwingine ana kovu kuanzia bega hadi shavuni. Mnyororo ukiwa katika mwendo kamili hupita mita 20 kwa nukta moja, na ncha ya juu ya ule ubapa wake ikigusa gogo jingine, mashine nzima hurushwa nyuma kuelekea uso wa mwenye kuishika, kabla hajapata kufumba macho. Breki ya mnyororo, ambayo huukamata mnyororo pale mkono unapoisukuma, ilianza kuwekwa miaka ya 1970. Ile 070 ninayosema wanaipenda, matoleo yake mengi ya zamani hayana breki. Mtu mwenye mashine ya namna hiyo hana rafiki ila mikono yake.

Jambo la pili ni mti wenyewe, na hili latuhusu sisi kuliko wao. Wao hukata mti mbichi ulionyooka. Hukata mdomo upande unaotakiwa kuangukia, kiasi cha robo ya unene wa shina, kisha hukata nyuma yake na kuacha ukanda mwembamba usiokatwa, ambao hufanya kazi kama bawaba ya mlango na kuuongoza mti chini polepole. Mkarafuu mkavu hauna bawaba. Nyuzi zake zimekufa, hukatika ghafla, na mti huenda upendako. Tena shina la mkarafuu aghalabu hugawanyika mawili au matatu tangu chini, kila moja na mwelekeo wake. Na juu kuna matawi makavu ambayo mtikisiko wa mashine tu watosha kuyaangusha. Nilipowachorea mkarafuu mkavu kwenye mchanga, yule mzee wa Kihehe aliutazama sana, akasema, "Bwana Katibu, huo usimpe kijana." Akanifundisha kuwa mti wa namna hiyo hufungwa kamba kwanza, watu wengine husimama mbali mara mbili ya urefu wake, na mkataji husafisha njia yake ya kukimbilia, ya kwenda nyuma kwa upande, kabla hajawasha mashine. Mkarafuu wa mita 12, basi mita 24 pasiwe na mtoto wala mbuzi.

Jambo la tatu ni moto. Kiangazi cha kule misitu ya mipaina huwaka upesi, na kumwaga petroli juu ya injini yenye moto ni moja katika njia za kuuwasha. Mtu mwenye adabu ya kazi huiweka mashine chini mahali pasipo majani, huingoja ipoe, hutia petroli, na huhama hatua kadhaa kabla ya kuvuta kamba. Mashamba yetu yana majani makavu ya mikarafuu yenye mafuta ndani yake. Sina haja ya kueleza zaidi.

Kwa wale wanachama walionambia pembeni kuwa msumeno ukipatikana utatupasulia na mbao, jawabu ni kwamba waweza, lakini ni hasara. Mkato mmoja wa mnyororo mnene hula karibu sentimita nzima ya mti. Ukipasua gogo kwa mikato kumi, sentimita kumi za mbao zimekuwa vumbi miguuni mwako. Wapasuaji wa zamani wa shimoni, mmoja juu na mmoja chini, walikula sehemu ndogo tu ya hiyo. Mkarafuu wala si mti wa mbao ndefu. Ni kuni, tena kuni nzito zenye moto mzuri, na hakuna haya kuuita hivyo.

Sasa maoni yangu, nami nayasema kama katibu aliyetumwa, si kama mwenye shamba. Kule Iringa, mpaina umepandwa ili ukatwe, na ukikatwa hupandwa mwingine. Msumeno ni mwisho wa hesabu yao. Kwetu hesabu ni nyingine. Mkono unaoangusha mkarafuu mkavu kwa dakika tano waweza kuuangusha mbichi kwa dakika tano, na mwembe wa jirani, na mti wa mpakani wenye kesi. Kazi ya shoka ilikuwa ngumu, na ugumu ule ulikuwa mlinzi wetu bila ya sisi kujua. Msitu wa Ngezi twaujua udogo wake. Mkarafuu hauangushwi bila ya ruhusa, ukiwa mzima au mkavu, na msumeno wa moto wenyewe una masharti yake kwa Idara ya Misitu. Mwanachama asinunue kwanza akauliza baadaye.

Kwa hiyo nitakayoyapeleka mbele ya Kamati ni haya. Tununue mmoja, si miwili, mpya, wa ukubwa wa kati, wenye breki, wala si ile 070 kwa sababu tu wajuzi wanaipenda. Fedha zitakazonunua mashine zinunue pamoja nayo suruali ya kazi, ambayo ndani yake mna nyuzi ndefu za kuukwamisha mnyororo ukigusa paja, na viatu vigumu, kofia, na vizibo vya masikio. Ikiwa fedha hazitoshi vyote kwa pamoja, basi tungoje, na shoka liendelee. Watu wawili tu wafundishwe kuushika, watu wazima, na mmoja kati yao awe anajua kunoa. Msumeno usiazimwe, hata kwa Mwenyekiti, hata kwa harusi ya mwanawe. Na kila mkarafuu utakaoangushwa uandikwe daftarini pamoja na miche iliyopandwa mahali pake, na asiyepanda asikatiwe wa pili.

Najua ndugu zetu wa upande wa kaskazini watanikasirikia kwa habari ya kuazima, maana wao ndio wenye mikavu mingi. Zamu itapangwa kwa hesabu ya miti, na waje na hesabu zao zimeandikwa, si za kukisia.

Nimerudi na mnyororo mmoja uliochakaa, tupa ya duara, na zile pistoni mbili alizonipa fundi, ya asili na ya kuiga. Vyote viko mezani pangu ofisini. Atakayetaka kuvitazama na aje asubuhi kabla ya adhuhuri, isipokuwa Ijumaa, na avirudishe mahali pake.

Katibu